Kuhesabu Watu Bila Kuwafahamu

Majuma machache yaliyopita nilikaa katika jopo la kutahini tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa uzamili. Mada yake ilikuwa maana ya neno "kazi" miongoni mwa wanawake wauzao mboga sokoni. Alikuwa amezungumza na wanawake 12 kwa muda wa miezi mitano. Alipomaliza kujieleza, mtahini mmoja alivua miwani akauliza: "Bibie, mbona sioni takwimu? Wanawake 12 ndio Kenya?" Watu wakacheka. Tasnifu ikarudishwa ifanyiwe marekebisho. Nakiri kwamba nami nilinyamaza, na kimya hicho ndicho kilichonisukuma kushika kalamu.

Mwanafunzi huyo alikuwa amegundua nini? Alimwuliza mama mmoja aamkaye saa tisa za usiku kwenda kununua sukumawiki kwa bei ya jumla: "Mama, una kazi?" Akajibiwa: "Sina kazi, mwanangu. Nahangaika tu." Kwa mama huyo, kazi ni ile ya kuandikwa, yenye mshahara mwisho wa mwezi. Kwa upande mwingine, kipimo cha Shirika la Kazi Duniani humhesabu kuwa na kazi mtu yeyote aliyefanya shughuli ya malipo au ya faida hata kwa saa moja katika juma linalochunguzwa. Neno ni moja, maana ni mbili. Mipango ya mikopo na mafunzo hutegemea majibu kama hayo.

Huu ndio msingi wa mkabala wa kifasiri katika sosholojia. Mjerumani Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, alifundisha kwamba tendo la mtu lina maana kwa mtendaji mwenyewe, na kwamba ni wajibu wa mtafiti kuifahamu maana hiyo. Jiwe likiporomoka halina nia, binadamu anayo.

Mfano mashuhuri wa mvutano huu unahusu utafiti wa Émile Durkheim kuhusu watu wanaojitoa uhai, uliochapishwa mwaka 1897. Akitumia takwimu rasmi za Ulaya, Mfaransa huyo alionyesha kwamba kiwango cha kujiua kilikuwa kikubwa zaidi kwa Waprotestanti kuliko kwa Wakatoliki, akaeleza tofauti hiyo kwa jinsi jamii inavyowaunganisha watu wake. Ni kazi kubwa, na ingali inasomwa. Lakini mwaka 1967 Mmarekani Jack Douglas alihoji: ni nani huamua kwamba kifo hiki ni cha kujiua na kile ni cha ajali? Ni maafisa, kwa kusikiliza jamaa wa marehemu. Nao jamaa walioshikamana sana ndio wenye uwezo zaidi wa kuficha aibu. Basi yamkini sehemu ya tofauti ile ilipima ufichaji.

Sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda Ulaya ili tulielewe jambo hili. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa jinai, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mnamo Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Familia iliyohofu polisi na midomo ya majirani ingesema nini? "Ilikuwa ajali." Nambari iliyofika Nairobi ilikuwa safi, ukweli ulibaki kijijini.

Hata hivyo, mkabala huu una wakosoaji, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza ni kama mtahini yule: wachache hawawezi kuusemea umma. Wa pili huuliza iwapo mtafiti mwingine akienda katika soko lilo hilo atarudi na fasiri ile ile. Mimi mwanaisimu naijua hatari hiyo. Mara ngapi tumemtia msemaji maneno kinywani, kisha tukayaita matokeo? Wa tatu, hasa wafuasi wa Marx, ndio wenye hoja nzito zaidi. Wao husema kwamba maana aliyo nayo mtu si yote yanayoyatawala maisha yake. Mama wa sokoni atakueleza uchungu wake, lakini huenda asijue ni nani hasa anayefaidika na jasho lake.

Nazikubali hoja hizi, ila sioni kwamba zinaubomoa mkabala huu, zinaudai nidhamu. Mtafiti na atuonyeshe maneno ya watu kama yalivyosemwa, aitafute sauti inayompinga, kisha airudishe fasiri yake kwa wenyewe waihakiki. Weber mwenyewe hakutosheka na maana peke yake; alitaka pia ithibitishwe kwamba sababu tunayoitaja ndiyo iletayo tendo. Hapo ndipo takwimu zinapohitajika, lakini baada ya kufahamu tunahesabu nini.

Ni kweli wanawake 12 si Kenya. Lakini hojaji ya watu 12,000 inayouliza "Una kazi?" bila kujua neno hilo lina maana gani kwa wanaoulizwa haitakuwa Kenya pia. Itakuwa kosa moja lililorudiwa mara 12,000.

Tasnifu ile itarejea mbele ya jopo muhula ujao. Safari hii nitazungumza.