Bima ya Afya Kazini ni Sehemu ya Mshahara

Wafanyakazi wengi nchini Tanzania huijua hali halisi ya bima yao wakiwa wamesimama kwenye dirisha la mapokezi hospitalini. Kadi wanayo na makato yamekatwa kila mwezi, lakini mhudumu anawaambia huduma imesitishwa kwa sababu mwajiri hajapeleka michango. Mgonjwa anaanza kuwapigia ndugu simu kuomba fedha za vipimo ambavyo tayari alishavilipia.

Huo ni uonevu, na usiitwe jina jingine.

Chanzo chake ni dhana iliyozoeleka kwamba bima ni hisani ya bosi. Hesabu inakataa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001 ukiwahudumia watumishi wa umma. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara: mtumishi hukatwa asilimia 3 na mwajiri huongeza 3. Mwenye mshahara wa Sh 800,000 hutoa Sh 24,000 na mwajiri wake kiasi hichohicho. Kwa mwaka ni Sh 576,000, fedha iliyotokana na jasho lake, nayo inapaswa kumtibu yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne.

Katika sekta binafsi mambo hutegemea zaidi mkataba, na hapo ndipo watu huumia. Mtu anaambiwa siku ya usaili kwamba kampuni "ina bima", anafurahi, anasaini. Haulizi kikomo cha matibabu kwa mwaka ni kiasi gani, kama uzazi umo, kama dawa za kisukari au shinikizo la damu zimo, wala kama watoto wanahusika. Majibu anayapata siku mke wake anapohitaji upasuaji wa kujifungua. Bima isiyoelezwa kwa maandishi haitofautiani sana na ahadi ya mdomo.

Tena bima si haki pekee ya mfanyakazi anayeugua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. Akiumia kazini au kupata ugonjwa uliotokana na kazi, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake. Mwajiri anayemkata kibarua wake hata senti moja kwa ajili ya WCF anavunja sheria.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayowagusa waajiri wa umma na wa binafsi. Ni hatua njema. Hata hivyo, sheria peke yake haipeleki michango. Na hata michango ikifika, huduma bado inaweza kukatika: Machi 2024, hospitali binafsi ziliposimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF kutokana na mvutano wa bei za kitita kipya cha mafao, aliyebaki mlangoni na kadi mkononi alikuwa mchangiaji, ambaye hakuwa na sauti katika mazungumzo hayo.

Kinachohitajika sasa ni uwazi. Benki humtumia mteja ujumbe wa simu kila fedha inapoingia kwenye akaunti. Mifuko na kampuni za bima nazo zimjulishe kila mwanachama mchango wake unapopokelewa, na zimtahadharishe mapema unapokosekana, kabla hajaugua. Vyama vya wafanyakazi navyo vidai hili katika kila mkataba wa hali bora. Mfanyakazi naye aidai hati ya mshahara, asome makato yake, aombe nakala ya mafao kwa maandishi. Mwajiri akigoma, mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi uko wazi, lakini mfanyakazi asikawie: kwa migogoro isiyo ya kuachishwa kazi, muda wa kufungua shauri ni siku 60.