Kitambulisho cha taifa si pasi, jamani

Nilipotea kidogo, matesti yalinibana. Leo nina dukuduku langu.

Wiki iliyopita jamaa yangu wa darasani kageuziwa Namanga. Alikuwa anaenda Nairobi siku nne tu, harusi ya binamu yake. Mfukoni ana kitambulisho cha NIDA na cha chuo, basi. Kisa? Rafiki yake Mkenya alimwambia, "Sisi Uganda tunaingia na kitambulisho tu." Ni kweli kabisa, ila hayo ni makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda, walianza 2014. Sisi Tanzania hatumo. Nauli imeliwa, tena hela ya bumu, na harusi kaiona kwenye picha za simu.

Pale pale mpakani kuna mtu akamnong'oneza habari za njia ya panya. Nashukuru alikataa. Ukiingia bila muhuri halafu ukadakwa, utajitetea na nini?

Mimi naona kosa letu wanafunzi ni moja. Tukisikia safari tunauliza "bei gani?" au tunamuuliza mshikaji. Swali la kwanza liwe: naenda kufanya nini, na nitarudi tena? Ukishalijibu, karatasi inajichagua yenyewe.

Unaenda kwa jirani mara moja, omba hati ya dharura ya safari pale uhamiaji. Wapo wanaoicheka eti ni ya wachuuzi. Waache wacheke, ni halali na ni nafuu. Lakini kama una ndoto ya kusoma nje, jibane uchukue pasi. Shilingi 150,000 inauma, najua, ila inadumu miaka 10. Gawanya, ni 15,000 kwa mwaka. Na ule usajili wa mtandaoni wa kuingia Kenya ulioanza Januari 2024 usikutie presha, sisi Watanzania hatudaiwi.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Kuna wenzetu wanaitwa kufundisha tuisheni ng'ambo wakati wa likizo, kwa malipo. Wakifika dirishani wanasema "naenda kutembea." Raia wa Jumuiya anaweza kugongewa muhuri wa kukaa hadi miezi sita, sawa, lakini huo ni wa mgeni. Kazi ina kibali chake. Sisi ni walimu watarajiwa bwana! Kesho utasimama mbele ya darasa umkataze mtoto kuibia mtihani, wakati wewe mwenyewe uliingia kwa uongo?

Haya, nirudi kwenye kitabu. Jamaa yangu sasa hivi anajaza fomu za pasi. Anasema Desemba binamu wa pili naye anaoa, na safari hii pilau hataliona kwenye simu.