Namba ya Dashibodi Haijui Mlima wa Timboroa

Imani moja imeenea katika barabara ya kutoka Naivasha kwenda Eldoret, na wanaoishika si madereva chipukizi peke yao bali pia matajiri wa magari na mameneja wa kampuni za uchukuzi: kwamba ile namba ya kilomita zilizobaki kwenye dashibodi, kwa kuwa imetolewa na kompyuta, ni ya kuaminiwa kuliko kichwa cha dereva. Ikisema 400, basi tangini mna kilomita 400. Nasema imani hii ni potofu, na kwa gari linalovuta trela katika Bonde la Ufa la kati ni potofu mara mbili. Imewaacha watu njiani usiku, imeua pampu za dizeli za bei ghali na, jambo linaloniuma zaidi, imewafanya madereva waaminifu waitwe wezi wa mafuta.

Namba yenyewe hupatikana kwa njia rahisi mno. Ndani ya tangi mna boya lililoshikizwa kwenye mkono mdogo. Mafuta yakipungua, boya hushuka na geji hupata habari. Kompyuta ya injini nayo inajua dizeli kiasi gani imepita kwenye nozeli, kwa hiyo inajua gari limekula lita ngapi katika kilomita zilizopita. Kinachobaki ni kugawanya mafuta yaliyomo kwa ulaji wa karibuni. Watengenezaji hutofautiana: wengine hupima makumi ya kilomita zilizopita na wengine mamia, lakini wote wanatazama nyuma. Katika hesabu ya kawaida hakuna mahali ambapo gari linaulizwa linaelekea wapi, limefungwa trela gani, trela limepakiwa nini, wala mbele kuna mlima au tambarare. Ni mama mwenye nyumba anayekadiria unga utaisha lini kwa kutazama walivyokula watu wawili wiki iliyopita, huku wageni kumi wamekwisha kuvua viatu mlangoni. Hesabu yake ya kugawanya ni sahihi kabisa, ila chakula kitakwisha mapema.

Hali hiyo inaonekana wazi katika safari za bandari kavu ya Naivasha, ile iliyojengwa karibu na reli mpya iliyofika Suswa mwaka 2019. Magari mengi hurudi kutoka mpakani Malaba yakiwa na trela tupu ili kuchukua kontena za Uganda na nchi za mbele. Kutoka Timboroa, kilele cha barabara hii, hadi Nakuru ni mteremko mrefu, na injini ya kisasa ikiwa kwenye gia huku dereva ameondoa mguu kwenye kanyagio, hukata dizeli kabisa. Gari tupu, mteremko, mafuta yamekatwa: kompyuta inakusanya kumbukumbu tamu sana. Tuchukue mfano kwamba limefika bandari kavu likiwa na lita 100, na ulaji wa karibuni ni lita 25 kwa kilomita 100. Dashibodi itaandika 400. Kontena linapandishwa, gari zima linakuwa tani 50, chini ya kikomo cha tani 56 cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na namba bado inasema 400. Eldoret iko kama kilomita 255. Dereva anajiambia atajaza Eldoret na bado atakuwa na akiba ya kilomita 145.

Sasa tufanye hesabu ambayo dashibodi haikuifanya. Gari la tani 50 hula kiasi cha lita 40 kwa kilomita 100 za tambarare, kwa hiyo hadi Nakuru limekula karibu lita 40 na zimebaki 60. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya bahari; Timboroa iko karibu mita 2,750. Kuinua tani 50 mita 900 kunahitaji nishati ya megajuli 440 hivi. Lita moja ya dizeli ina megajuli kama 36, lakini injini nzuri ya lori hugeuza kama asilimia 40 tu kuwa kazi na nyingine hupotea kwa joto, kwa hiyo unabaki na megajuli 14 kwa lita. Kugawa 440 kwa 14 ni lita 30 na kidogo. Hizo ni za kupanda tu, juu ya zile ambazo gari lingekula hata kama njia ingekuwa sawa kama meza. Kipande hicho hakifiki kilomita 100, nacho kinataka lita 65 au karibu na hapo. Dereva wetu mwenye akiba ya kilomita 145 hafiki kilele. Gari hilohilo likiwa tupu, tani 16 hivi, lingehitaji lita 10 za kupanda mlima uleule. Uzito ukiongezeka mara tatu, dizeli ya kupanda nayo inaongezeka mara tatu, na hakuna ujanja wa mguu unaoweza kuondoa deni hilo.

Kanuni ni ileile kwa pikapu ya mkulima wa Molo au Njoro inayovuta trela la viazi. Pikapu ya tani 2 ikifungwa trela la tani 2.5 imezidi uzito wake maradufu, na katika kilomita za kwanza namba ya dashibodi bado ni ya pikapu iliyokwenda mjini jana ikiwa na mtu mmoja.

Watetezi wa dashibodi hunijibu kwamba namba hujirekebisha yenyewe gari likianza kupanda. Ni kweli, lakini hujirekebisha baada ya mafuta kuliwa, na hapo ndipo linapoanza kosa la pili ambalo watu hawalisemi. Gari likikaribia Timboroa, kumbukumbu ya kompyuta imejaa kilomita za gia nzito, na namba inaporomoka kwa kasi ya kutisha. Dereva mwenye lita za kutosha kuteremka hadi Eldoret anaambiwa kwamba hafiki. Kwenye mpando mrefu boya nalo huweza kudanganya, maana mafuta huegemea upande mmoja wa tangi, na katika baadhi ya magari yenye matangi mawili ni tangi moja tu lenye boya. Mtu aliyeogopeshwa hivyo hununua chochote kilicho karibu, na kilicho karibu huenda kikawa mtungi wa kando ya barabara ambao hakuna ajuaye umechanganywa na nini. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu watu walikuwa wanayachanganya na dizeli. Kwa hiyo namba moja imemwambia uongo mara mbili katika safari moja: Naivasha ilimtuliza alipostahili kuwa na wasiwasi, na Timboroa ikamtia hofu alipostahili kutulia.

Wapo wanaosema kuishiwa mafuta ni usumbufu tu, utatuma utingo na mtungi. Wanaosema hivyo hawajafikiria injini ya dizeli. Pampu na nozeli zake hulainishwa na dizeli yenyewe. Zikivuta hewa badala ya mafuta, zinasagana chuma kwa chuma. Ukijaza tena, gari haliwaki mpaka hewa itolewe kwenye mfumo, kazi inayofanywa gizani, spana mkononi, magari yakipita hatua moja kutoka mgongoni. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito, na mtambo wa kujaza upepo wa breki unasimama nao. Upepo ukiisha, breki za springi hukaza magurudumu na gari linaganda pale lilipo, hata kama pale ni katikati ya njia ya kupandia. Kinachofuata kila msafiri wa barabara hii amekiona: matawi ya miti yaliyotupwa lamini mita chache nyuma ya trela lisilo na taa, badala ya vibao vya pembetatu vinavyong'aa. Huku ndiko Sachangwan, ambako zaidi ya watu 100 waliteketea baada ya lori la petroli kupinduka Januari 31, 2009. Huku ndiko Migaa, ambako watu 36 walikufa basi na lori vilipogongana alfajiri ya Desemba 31, 2017. Ajali hizo hazikutokana na kuishiwa mafuta. Nazitaja kwa sababu mtu anayekubali trela lake lizimike katika mlima huu anapaswa kujua linazimika wapi.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya teknolojia. Kuna malori mapya ya Ulaya yanayokadiria uzito wao, yanayoujua mlima ulio mbele kwa setilaiti na ramani, na yanayopanga gia kabla ya kufika. Marekani kuna pikapu zinazotambua trela lililofungwa na kubadilisha makadirio. Siipingi hoja hii. Tena inaniunga mkono. Wahandisi wasingehangaika kuongeza vipimo hivyo kama hesabu ya kutazama nyuma ingetosha. Lakini kipimo hicho kiwe kwenye gari lako, kiwe kizima, na ramani yake iwe na barabara zetu. Malori mengi yanayopanda kutoka Salgaa yamenunuliwa yakiwa yametumika, na namba yao ya kilomita zilizobaki ni ileile ya kugawanya. Hata gari lililo bora kuliko yote haliwezi kujua kwamba leo foleni ya Gilgil itachukua saa tatu injini ikinguruma.

Yupo pia anayesema dereva mzoefu hahitaji hesabu zote hizi, na huyo namkubali zaidi ya wengine. Dereva mzoefu hasomi kilomita. Ukimsikiliza atakwambia Nakuru hadi Timboroa na mzigo kamili inakula lita kadhaa, tupu inakula kadhaa, kurudi kadhaa. Amegawa barabara vipande, na kila kipande kina lita zake kulingana na uzito na upande anaoelekea. Ndiyo njia ninayotaka kila kampuni iifuate kwa maandishi: jaza tangi hadi mdomoni, endesha kipande, jaza tena hadi mdomoni, andika lita, tani na mwelekeo. Baada ya safari chache kampuni ina jedwali ambalo dashibodi haiwezi kulitoa. Wala hakuna faida ya kusukuma safari hadi Eldoret kabla ya kujaza: katika bei ambazo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza kila tarehe 14, dizeli ya Nakuru kwa kawaida huwa nafuu kidogo.

Nimesema kinachoniuma ni heshima ya dereva. Katika kampuni nyingi dereva hupewa mafuta ya safari kwa kipimo, na meneja aliye Nairobi au Mombasa hutazama namba kwenye skrini yake. Namba ilisema kilomita 400, gari limesimama baada ya 190; basi dizeli imenyonywa. Wizi wa mafuta upo, wala sitaki kuuficha. Lakini wizi hauthibitishwi kwa kutumia makadirio ya gari tupu dhidi ya gari lenye tani 50. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara iliyotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na kifungu cha 41 kinamtaka amweleze mfanyakazi tuhuma kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilize utetezi wake kabla ya kumfukuza kwa utovu wa nidhamu. Dereva akiitwa kwenye kikao hicho, aombe karatasi tatu ziwekwe mezani: risiti za mafuta ya safari hiyo, tikiti ya mizani ya Gilgil inayoonyesha gari lilikuwa na tani ngapi siku hiyo, na rekodi ya lita ambazo magari mengine ya kampuni hula yakipanda kipande hicho na mzigo wa aina hiyo. Kampuni isiyokuwa na karatasi ya tatu haijawahi kupima mlima wa Timboroa, na haina msingi wa kumwita mtu mwizi kwa lita ambazo mlima umezila.