Komeo la ndani

Huu ni mwaka wangu wa sita nikishika ufunguo wa ukumbi wa mtaa wetu. Jumamosi asubuhi ni watoto wa ngoma, mchana vikoba, jioni harusi. Mwezi uliopita nilikuta stoo ya nyuma ya jukwaa imefungwa kwa ndani. Nikagonga. Akatoka mwalimu wa ngoma, mtu wa kujitolea, na nyuma yake binti wa miaka kumi hivi, macho chini. "Namfundisha peke yake, mama." Huenda ni kweli. Komeo lile nililing'oa siku ileile kwa bisibisi, kisha nikaenda kwa mtendaji wa mtaa.

Wanakamati wenzangu wakanilaumu kwamba namchafulia mtu jina. Mimi sikumhukumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya eneo lake. Kuchunguza ni kazi ya wengine.

Na si watoto tu. Yupo kijana wetu, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, anayependa kukaa karibu na spika. Kila harusi hutumwa huku na kule na wageni asiowajua, na choo cha nyuma hakina taa. Akiumizwa, hawezi kusimulia.

Wenyeviti wa mitaa, nawasihi: wekeni taa chooni, ng'oeni makomeo ya ndani ya stoo, bandikeni mlangoni namba 116, simu ya msaada kwa watoto. Kuipiga ni bure.