Jina la Shahidi Lina Kazi Gani?

Wilayani Kilosa, mgogoro wa wakulima na wafugaji si jambo la kuandikwa kwa wepesi. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Mwandishi anayetaja leo jina la mlalamikaji, kitongoji chake na idadi ya ng'ombe wake, kesho anarudi mjini. Aliyetajwa anabaki na mahasimu wake.

Mikumi nako, barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza hifadhini. Ajali inapotokea, sura ya majeruhi haipaswi kufika mtandaoni kabla taarifa haijawafikia ndugu zake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu. Nashauri kila mhariri ajiulize: habari hii itapungukiwa nini jina hili likiachwa?

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inawapa viongozi pazia la kujifichia. La hasha! Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha. Ya 18 inalinda uhuru wa maoni na haki ya kupata habari. Moja haiifuti nyingine. Ofisa aliyegawa ardhi kwa rushwa atajwe kwa jina na wadhifa, kwa sababu cheo ni dhamana ya umma. Mjane aliyeifichua rushwa hiyo hana cheo cha kuhojiwa. Ana usalama wake tu. Huo ndio mwandishi anaopaswa kuulinda.