Eti bustani za mtoni ni mambo ya Wazungu?

Najua nimekuwa kimya, mnisamehe, maboksi hayaniachi. Ila leo siwezi kunyamaza.

Juzi niliwatumia picha za matembezi yangu ya Jumapili kando ya mto Anacostia, hapa Washington, Wilaya ya Columbia. Majibu yenu yamenikera. Mjomba wa Magomeni kaandika, "Wenzetu Wazungu wanajua usafi. Sisi tupewe mto leo, kesho dampo." Dada yangu kasema bustani ni mambo ya walioshiba. Binamu kamalizia, "Msimbazi hauna dawa, tuache." Halafu mkachekeana.

Mjomba, kwa heshima zote, nakataa. Na sikatai kwa kuwa nimekaa ughaibuni nikaanza kujidai. Nakataa kwa sababu mto mliouona kwenye picha ulikuwa dampo, na walioufanya dampo ni haohao mnaowasifia.

Kwanza niwaeleze mzunguko wenyewe, tujue tunaongelea nini. Unaanzia daraja la mtaa wa 11, unavuka kwenda upande wa mashariki, unakata kushoto na kufuata mto kwenda juu. Hapo ndipo bustani ya Anacostia ilipo: majani, viwanja vya mpira, watu wanavua samaki, familia zinachoma nyama, vijana wanateleza kwa viatu vya magurudumu. Hakuna geti wala kiingilio. Unapanda mpaka daraja la barabara ya Benning, unavuka, unarudi kwa ukingo wa pili kupitia eneo la uwanja wa zamani wa RFK na makaburi ya kale ya Congressional, mpaka ulipoanzia. Mimi kwa mwendo wangu wa kizee inanichukua kama saa tatu. Na watu ninaokutana nao upande ule wa mashariki, wengi wao ni weusi kama mimi na wewe.

Sasa historia, maana picha haisemi kila kitu.

Bustani hiyo imeona mengi. Mwaka 1932 maelfu ya wanajeshi wa zamani wa vita kuu ya kwanza, weusi kwa weupe, walipiga kambi hapo wakidai malipo waliyoahidiwa. Tarehe 28 Julai jeshi likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur likawatimua kwa mabomu ya machozi, na vibanda vyao vikateketea. Mwaka 1949 vijana weusi walipotaka kuogelea kwenye bwawa la bustani hiyohiyo, lililokuwa limehodhiwa na weupe, vurugu zikazuka na bwawa likafungwa msimu wote uliobaki. Na kule kilimani ipo nyumba ya Frederick Douglass, mzee aliyetoroka utumwani mwaka 1838 na kuinunua nyumba hiyo mwaka 1877.

Tena kuna Kenilworth, juu kidogo ya lile daraja la Benning. Kuanzia mwaka 1942 jiji lilikuwa linamwaga taka zake pale na kuzichoma peupe, jirani kabisa na nyumba za watu weusi. Mwaka 1968 mtoto wa miaka 7 aliungua moto akafa pale dampo. Ndipo uchomaji ukakoma, na mwaka 1970 dampo likafungwa. Mjomba, nani hapo hakujua usafi? Yule mtoto?

Kama hiyo haitoshi, wakapitisha barabara kubwa ya magari katikati ya bustani na mitaa ya watu, mpaka leo ukitoka nyumbani kwenda mtoni lazima utafute pa kuivuka. Na kila mvua kubwa ikinyesha majitaka ya mji yalifurika kuingia mtoni, kwa sababu mabomba ya zamani yalichanganya maji ya mvua na ya chooni. Mwaka 1971 jiji likapiga marufuku kuogelea.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mji huohuo, chini ya serikali hiyohiyo, una mto mwingine mdogo upande wa kaskazini magharibi, unaitwa Rock Creek. Huo Bunge la Marekani liliutengea bustani mwaka 1890. Pembeni yake zikaota nyumba za wenye nacho, wengi wao weupe. Mto mmoja ukapewa ulinzi, mwingine ukapewa moshi. Kwa hiyo msiniambie habari za tabia ya watu. Mto unageuzwa dampo pale ambapo wanaokaa kando yake hawahesabiwi.

Na haukusafishwa kwa hotuba. Mwaka 2000 wanaharakati wa mazingira waliishitaki mamlaka ya majitaka. Mwaka 2005 yakafikiwa makubaliano yenye nguvu ya mahakama. Wakachimba mahandaki makubwa chini ya ardhi ya kushika majitaka wakati wa mvua: handaki la kwanza la Anacostia lilianza kazi mwaka 2018, na kazi ya upande huo ikakamilika mwaka 2023. Gharama imo kwenye bili za maji za kila mwezi. Tangu Januari 2010, ukitaka mfuko dukani unalipa senti 5, na fedha inakwenda kwenye usafi wa mto. Mzungu, Mwafrika, Mhabeshi, Msalvador, wote tunalipa. Usafi huu una risiti zake, jamani! Na bado mto haujawa safi kabisa.

Haya, turudi Dar.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo. Inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, wakazi wa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 zikaja alama nyekundu za X na bomoabomoa. Sawa, bonde ni hatari, sibishi. Lakini karakana ya mabasi ya mwendokasi imejengwa wapi? Si palepale Jangwani! Na maji yakaja yakayameza mabasi, mkashuhudia wenyewe. Mama muuza vitumbua anaambiwa kavamia bonde. Mradi wa serikali ukikaa bondeni unaitwa maendeleo.

Binamu, ndiyo maana hilo la "Msimbazi hauna dawa" linanichoma. Dawa ipo na inajulikana. Bonde likibaki wazi na majani yake, mafuriko yanapata pa kukaa bila kuua mtu. Siku za kiangazi palepale panakuwa pa kutembea. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi, na bustani ya mjini imo kwenye mipango. Huo ni mkopo. Tutaulipa sisi na wajukuu zetu, mpaka muuza vitumbua.

Na hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo, na ndiyo sababu hasa ya kuandika leo. Ukingo wa magharibi wa Anacostia, karibu na uwanja wa besiboli uliofunguliwa mwaka 2008, maghorofa yameota kama uyoga na kodi zake hazishikiki. Wazee wa ng'ambo ya mashariki wanauliza: tulivuta moshi miaka yote hiyo, leo mto umesafishwa kwa ajili yetu au kwa ajili ya watakaotuhamisha? Swali la haki kabisa. Nasi tuliulize mapema, kabla zege halijamwagwa.

Mkiendelea kucheka na kusema bustani si zetu, mnawarahisishia kazi. Kesho bonde litasafishwa, watu wa Kigogo wataondolewa, na ukingo utapewa hoteli yenye geti na mlinzi. Mtasema, "Si tulisema ni ya walioshiba?"

Dada yangu, aliyeshiba ana uwanja nyumbani kwake. Anayehitaji mahali pa bure pa kupumua ni yule anayelala watu sita chumba kimoja, ambaye mtoto wake anacheza mpira barabarani. Kwa hiyo daini. Njia ya miguu kingo zote mbili, kutoka Vingunguti mpaka Salender, bila geti na bila kiingilio. Mita 60 zianze na wakubwa. Fidia ilipwe kabla ya tingatinga kuwasha injini. Na majitaka ya viwandani na majumbani yazuiwe kwanza, maua baadaye.

Ulizeni kwenye mkutano wa mtaa, muulizeni diwani, muulizeni mbunge anapokuja kuomba kura. Akijibu ovyo niandikieni jibu lake, nitaliweka hapahapa watu walisome.

Mjomba, najua utanijibu. Nasubiri kwa hamu. Msalimie shangazi, mwambie dawa zake za presha nimeshampa mtu anayesafiri mwisho wa mwezi.