Kitenzi Kinachofukuza kwa Upole

Katika Kilatini, legare ni kumtuma mtu akiwa na kazi. Ndimo lilimotoka jina legatus, yaani mjumbe. Ukikitanguliza kitenzi hicho kwa re-, unapata relegare: kumpeleka mtu kando, asiwe na kazi tena. Sheria ya Roma iliitenga adhabu hiyo na deportatio. Aliyepewa deportatio alipoteza uraia na mali. Aliyepewa relegatio kwa kawaida alibaki navyo, ila alikatazwa kukaa kwao.

Mwaka 8, Kaisari Augusto alimpeleka mshairi Ovidius huko Tomis, pwani ya Bahari Nyeusi, kwa amri yake mwenyewe, pasipo hukumu ya baraza wala ya mahakama. Ovidius aliandika kwamba yeye ni relegatus, si exsul. Kisheria alisema kweli. Hata hivyo hakuiona Roma tena hadi kufa.

Sisi Wakongomani tunakijua kitenzi hiki kwa sura yake ya Kifaransa. Baada ya kesi ya Simon Kimbangu, mwaka 1921, wakoloni waliwatawanya wafuasi wake katika mikoa ya mbali, wakaiita hatua hiyo relégation. Katika miaka ya 1980, utawala wa Mobutu ulimpeleka Étienne Tshisekedi Kabeya-Kamwanga, kijiji cha asili yake, kwa neno lile lile. Wale waliondolewa kwao. Huyu alirudishwa kwao. Basi ubaya wa kitenzi hiki haupimwi kwa kilomita. Ubaya wake ni kwamba humtenga mtu na wenzake na kazi yake, bila kumfikisha mbele ya hakimu. Gereza lina hukumu na tarehe ya kutoka. Relegatio yaweza kukosa vyote viwili, na bado ikaonekana huruma.

Tertullianus alitumia kitenzi hicho aliposimulia jinsi Mtume Yohane alivyopelekwa kisiwani. Kwa hiyo Wakristu tusidanganywe na upole wa maneno. Mjane anapoambiwa “apumzike kwanza kwa ndugu zake”, au mzee anaposhukiwa uchawi na kuombwa “ajitenge kidogo kwa ajili ya amani”, tuulize maswali matatu: Ni nani aliyemsikiliza? Kosa lake limethibitishwa na nani? Atarudi lini? Yasipopata jibu, tumemfukuza ndugu yetu, hata kama hatujui Kilatini.